Nani Kapiga Pasi Nyimbo Zangu?

Tao la mia moja na kumi na nne lilitoka zuri kiasi kwamba nilimwita mlinzi aje alitazame. Aliegemeza rungu lake mlangoni, akainama mbele ya skrini, kisha akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Ni mstari, bosi."

"Ni mstari uliopinda."

"Umepinda, kweli." Akachukua rungu lake, akarudi getini.

Sikumlaumu. Sisi tunaopenda sura ya matao ya muziki, yale yanayopita juu ya nota kuziambia zishikane mikono, dunia nzima tunaenea kwenye bajaji moja pamoja na mizigo yetu. Lakini katika Karakana ya Makoo, hapa Same, tao halikuwa pambo. Nilivaa miwani, nikavuta pumzi, nikaliimba. Miwani ilisoma ukurasa na kuupeleka shingoni mwangu, na lile koo la kutengenezwa, dogo kama punje ya hindi, likalifuata tao kutoka nota ya kwanza hadi ya tisa bila kukatika. Sauti ilipanda, ikafika kileleni, ikashuka. Safi, kama shati limetoka kwa dobi.

Acheni nijisifu, nina haki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja ghala la betri kuukuu lilipoungua huko tambarare na moshi ukatupandia mlimani siku tatu. Kijiji chetu kizima, Mzighe, kikabaki bila sauti: wazee, mabinti, wanakwaya, hata wachuuzi wa tangawizi, na hao ndio waliotia huruma kuliko wote, maana mchuuzi asiye na kelele ni mtu tu aliyesimama karibu na tangawizi. Majogoo walitucheka miaka kumi na mitatu. Halafu sisi wenyewe, mabubu wa mlimani, tukaunda makoo. Leo watu elfu arobaini, wengine katika nchi ambazo siwezi kutamka majina yake hata kwa koo jipya, wanaongea kwa kitu kilichong'arishwa na mikono ya Mzighe.

Kuongea ni rahisi. Kuimba ndiyo kazi. Koo halijui moyo wako unataka kuvuta neno mpaka wapi, kwa hiyo linatazama tao. Na tao zuri si mstari mmoja. Ni mistari miwili, wa juu na wa chini, inayoanza pamoja kwenye ncha, ikaachana kidogo katikati, ikarudiana mwishoni, kama jani la mchaichai. Mpindo wake unaliambia koo sauti iende wapi. Unene wake unaliambia pumzi isukumwe kiasi gani. Ukikosea sura, umekosea shingo ya mtu.

Toleo la tisa la programu yetu lilikuwa litoke Ijumaa. Lilikuwa linatafuta kila tao lililochorwa vibaya katika Hazina, ghala letu la nyimbo za zamani, na kulinyoosha lenyewe. Kwenye skrini ulikuwa unaona maneno mekundu, *Kosa: tao lina bonde*, kisha tao linatikisika na kuwa kilima kimoja cha kupendeza. Tangu tupate makoo, kwaya zilikuwa zinaimba nyimbo fupi tu zenye matao mafupi. Kwa toleo la tisa zingerudi kuimba ndefu. Picha za karatasi za zamani zingefutwa. "Picha chafu huzaa sauti chafu," nilisema mkutanoni, nikapigiwa makofi.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Nilikuwa bado nayasikia yale makofi.

*

"Nani kapiga pasi nyimbo zangu?"

Sauti ilitangulia getini, mwenyewe akafuata. Mwalimu Nakijwa, miaka sabini na minne, sweta mbili mwilini, kwa sababu watu wa mlimani wakishuka Same hawaamini kwamba joto ni la kweli. Alifundisha kwaya ya Mzighe kabla ya moshi na baada yake. Katikati, katika miaka ya ukimya, aliwafundisha kupiga makofi kwa sauti nne.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimeuliza swali."

"Ni mimi, Mwalimu. Umeona kurasa za majaribio zilivyonyooka?"

"Nimeona. Shuka hupigwa pasi, Kajiru. Uso wa mtu haupigwi."

Akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akafungua kikapu, akatoa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa karatasi ya nota iliyozeeka, ndani ya mfuko wa plastiki. Cha pili kilikuwa kifuniko cha kopo la kahawa, kimeshika kutu pembeni.

"Unakijua hiki?"

"Kifuniko."

"Hii ndiyo programu yangu," akasema. "Mimi sikujaliwa mkono wa kuchora mviringo. Basi naweka kifuniko juu ya karatasi, nakizungushia kalamu. Tao fupi, kifuniko kinatosha. Tao refu, nachora kipande cha kwanza, nasogeza kifuniko, nachora cha pili, vinakutana katikati."

"Na vinapokutana pana bonde."

"Pana bonde."

Nilicheka mpaka koo likapiga mluzi. Miezi minane nilikuwa nahangaika na mabonde yale, nikiamini karatasi zilikunjwa au mashine ya kunakilia ilikuwa mbovu. "Mwalimu! Miaka kumi na minane yote ya kabla ya moshi hukutafuta kifuniko kikubwa zaidi? Ndiyo maana majirani wanatusema Wapare kwa ubahili."

"Kifuniko kikubwa huja na kopo kubwa. Hiyo kahawa yote ungeninywea wewe?" Hakucheka. "Lilikuwa kosa langu, sikatai. Lakini sikuwaambia wanakwaya, na wao walikuwa watu watiifu. Wakaona mstari unashuka, wakashuka nao. Sauti inazama katikati ya neno, kidogo tu, kisha inainuka. Mwaka wa pili tukaalikwa mjini Moshi, watu wanaulizana, hawa wanafanyaje? Mwaka wa tano kina mama wakawa wanabembelezea watoto hivyo hivyo. Mtu akimwita mwenzake wa mteremko wa pili, anamwita hivyo. Wewe mwenyewe mama yako alikuwa akikuita hivyo."

Nikaacha kucheka.

Mama hakuumaliza mwaka ule wa moshi. Uso wake ninao kwenye picha. Sauti yake nilidhani sina tena. Lakini Mwalimu aliposema vile nikajiona nimejificha migombani, na jina langu linakuja juu ya majani, linazama katikati, linainuka, nami najua makande yameiva.

"Karatasi zangu mchwa wamezila," akaendelea, "imebaki hii moja. Nyingine ni zile picha mlizonazo, na Ijumaa unazifuta. Jumapili moshi ule unatimiza miaka ishirini na mitano, tunasimama mbele ya watu na wimbo mrefu, wa kwanza tangu moshi. Tutaimba vizuri sana, Kajiru. Kama redio."

*

Juu ya meza yangu kulikuwa na kibandiko: TAO MOJA, KILIMA KIMOJA. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Unakumbuka ni nani aliyefanya niandike hiyo?"

"Kadeghe," akasema taratibu.

Mzee Kadeghe alikuwa besi wa Mzighe. Miaka saba iliyopita nilitoa toleo la nne, la kwanza la kuimbia, na lilifuata michoro ya zamani jinsi ilivyokuwa, na mabonde yake yote. Kwenye zoezi la kwanza kabisa Kadeghe alifika katikati ya tao refu, mstari ukashuka, na koo likadhani wimbo umekwisha. Kilango kidogo kinachopitisha pumzi kikajifunga. Alikuwa amesimama juu ya ngazi za kanisa. Alizirai, akavunjika nyonga, na tangu siku ile anatembea kwa fimbo na haimbi. Toleo lile niliandika mimi, mstari kwa mstari. Hospitali nilikaa naye siku kumi na nne, naye muda wote alinitania kuhusu soksi zangu, jambo lililoniumiza kuliko kama angenitukana.

Mwalimu Nakijwa alisogeza kiti. Akapunguza sauti. "Hiyo mashine, si unaweza kuidanganya? Uiambie ni kilima kimoja, huku ndani ukaacha bonde letu?"

Nilikuwa naweza. Toleo lilikuwa linahitaji dole gumba moja kulipitisha, na dole lenyewe lilikuwa langu. Alama moja tu kwenye kurasa zile, na hakuna ambaye angejua.

"Akiidanganya nitajua," akasema mtu mlangoni. Alikuwa Dakta Tatu Mbonea, mkuu wa usalama wa makoo, mwanamke mfupi ambaye hubisha hodi baada ya kuingia. "Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia tangu kwenye kifuniko."

"Marahaba. Basi nisikilize na hili. Sote tutatia saini kwamba tumekubali wenyewe. Watu thelathini na wawili."

"Nyinyi mko thelathini na mmoja," nikasema. "Kadeghe haimbi."

"Mimi namhesabu."

"Saini haifungui kilango, Mwalimu," Dakta akasema. Alisema kwa upole.

Nilisimama pale katikati ya wanawake wawili ambao wote walikuwa sahihi. Nikipiga pasi, naua sauti ya mlima, na mtu wa kwanza kunipigia makofi nitakuwa mimi. Nikidanganya, huenda nikaua mtu kwenye ngazi. Niliichukua ile karatasi ili mikono ipate kitu cha kushika. Nikaitoa kwenye plastiki, nikaiweka chini ya lenzi, nikakuza.

Nikakuza tena.

"Mwalimu," nikasema, "ulipokuwa unasogeza kifuniko, kalamu ulikuwa unaianzia wapi?"

"Nyuma kidogo ya pale nilipoishia. Ili pasibaki pengo. Fundi gani anaacha pengo?"

Wino wa kwanza ulikuwa umepita, na wino wa pili ukapita juu yake. Pale bondeni, mahali ambapo mimi, katika toleo la nne, nilikuwa nimechora mstari mwembamba kama uzi, mstari wake ulikuwa mnene kuliko mahali pengine popote. Tao lilishuka bila kukonda. Sauti iende chini, karatasi ilisema, lakini pumzi isukumwe zaidi. Toleo la nne lilisoma kitovu cha mstari tu; unene lilijibunia lenyewe, kwa kanuni niliyoandika mimi nikiwa na haraka. Bonde halikuwa na hatia siku ile ya ngazi. Mwembamba alikuwa mimi.

"Dakta," nikasema, "njoo utazame mstari."

Alikuja, akainama. Alitazama muda mrefu kuliko mlinzi.

"Umepinda," akasema. "Na umeshiba."

*

Siku tatu zilizofuata niliishi ndani ya bonde lile. Tao la kawaida lina pointi nne: mbili ni miguu inayokanyaga nota, mbili ziko hewani, hazionekani, zinalivuta juu kama sumaku. Tao la kifuniko ni matao mawili, kwa hiyo lina mguu wa tatu katikati, na ukiuweka ovyo unapata kona, na kona kwenye shingo ni kikohozi. Zile pointi za hewani za kulia na kushoto kwa mguu ule zinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja, kama watu wawili waliobeba gogo begani. Mmoja akiinuka, mwenziwe ashuke. Hapo bonde linalainika. Kisha unaongeza wino.

Wino kiasi gani? Hilo karatasi haikusema, na sikutaka kumjaribishia mtu mwingine. Jumanne, Dakta Mbonea akiwa ameshika saa na mtungi wa hewa, nilijaribu kwenye shingo yangu mwenyewe. Mara ya kwanza niliongeza mno, nikatoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa, na mlinzi akaja mbio na rungu. Mara ya pili nilipunguza mno. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala sakafuni, na viatu vya Dakta vilikuwa karibu na pua yangu.

"Sekunde tisa," akasema. "Unaendelea?"

"Viatu vizuri. Naendelea."

Mara ya saba sauti ilishuka bondeni, ikakuta pumzi inaisubiri, ikapanda upande wa pili. Dakta hakuandika kitu. Aliniambia nirudie. Nilirudia mara mia mbili, nimesimama, nimeketi, nimetoka kukimbia, nimekula makande. Kilango hakikujifunga hata mara moja.

"Shingo moja si ushahidi," akasema Alhamisi jioni, akivua glavu. "Kwa watu elfu arobaini nataka mwaka mzima wa majaribio. Kwa hawa wa Mzighe nitawapima mmoja mmoja, wataimba wakiwa wameketi, na wauguzi wangu watakuwa nyuma yao. Huo ndio mwisho wa huruma yangu."

"Na toleo la tisa?"

"Hilo lina jina lako. Sema wewe."

Ijumaa watu walikuja na kamera. Kulikuwa na keki yenye tao la sukari juu yake, kilima kimoja, kimepinda vizuri kweli. Nilisimama nikawaambia toleo la tisa halitoki, kwamba lilikuwa linafuta kitu ambacho mimi, fundi wake, sikukitambua, na kwamba Hazina haitafuta picha hata moja. Hapakuwa na makofi. Mtu mmoja aliuliza kama keki bado inaliwa. Sijawahi kusimama wima namna ile maishani mwangu.

Jumamosi nilipanda mlimani kwa Mzee Kadeghe. Alikuwa kibarazani anamenya maharage mabichi. Nilimweleza yote, wino, unene, kanuni, haraka yangu.

"Kwa hiyo miaka saba," akasema, "nimelichukia bonde lisilo na kosa."

"Ndiyo, Mzee. Kosa langu."

"Na soksi zako ni zile zile."

"Ni zile zile."

Akaendelea kumenya. Sikumwomba aje. Mtu uliyemwangusha humwombi apande tena. Unamwambia ngazi imetengenezwa, basi, unashuka zako.

*

Jumapili ukumbi wa Mzighe ulijaa mpaka madirishani. Wanakwaya walikuwa wameketi kwenye mabenchi manne, miwani usoni, wauguzi wa Dakta Mbonea nyuma yao wakiwa na mitungi. Kwenye benchi la besi, mwishoni, kulikuwa na nafasi moja, na juu ya nafasi ile Mwalimu Nakijwa alikuwa ameweka karatasi ya nota.

Wimbo ulipokaribia kuanza fimbo ilisikika mlangoni. Mzee Kadeghe alikuja polepole katikati ya watu waliokuwa wanampisha, akamkabidhi Dakta shingo yake kama mtu anayenyolewa. Dakta alipima, akapima tena, akatikisa kichwa kukubali. Mzee akaichukua karatasi, akaketi, akavaa miwani. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona.

Mwalimu akainua mkono.

Ubeti wa kwanza ulikuwa wa matao mafupi, na ulipita. Kisha likaja tao refu, nota kumi na moja, juu ya maneno *tulipanda tukiwa na mashaka*. Nilikuwa nalijua nukta kwa nukta. Sikumtazama mtu mwingine yeyote. Niliitazama fimbo ya Kadeghe aliyokuwa ameisimamisha kati ya magoti yake, nikajua kwamba ikianguka, sitachora mstari tena maishani.

Sauti zikapanda. Zikafika katikati. Zikazama.

Pale chini, ambapo miaka saba mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika kwamba hakuna mtu atakayeruhusiwa kufika, besi ya Mzee Kadeghe ilikaa, nene, imeshiba wino, ikawabeba wengine wote mgongoni, ikapanda nao upande wa pili. Fimbo haikutikisika.

Ukumbini hakuna aliyepiga makofi, maana watu walikuwa wameshika midomo yao. Mama mmoja karibu nami, wa rika langu, aligeuka nyuma ghafla kama mtu aliyeitwa nje. Hata mimi niligeuka. Wenye makoo mlimani wote waligeuka, halafu tukatazamana, tukaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo makoo yetu hayakutengenezewa. Ukumbi mzima ukapiga mluzi.

Baadaye, kwenye makande, Mzee Kadeghe alinijia na sahani.

"Umechelewa miaka saba," akasema. "Lakini umefika."

"Nyonga inasemaje?"

"Nyonga inasema ununue soksi."

Jumatatu asubuhi kibandiko cha juu ya meza nilikitoa, na mahali pake nikapigilia kifuniko cha kopo la kahawa. Si chake Mwalimu. Chake alisema bado ana kazi nacho. Hiki nilikinunua na kopo lake, dogo. Kisha nikafungua programu, nikatafuta mahali penye yale maneno mekundu. Rangi nikaiacha nyekundu, kwa sababu Dakta Mbonea alikuwa amesimama nyuma yangu na mwaka wake wa majaribio. Neno *kosa* nikalifuta. Sasa fundi yeyote duniani akifungua karatasi ya zamani na mashine ikakuta mstari umezama katikati, anasoma hivi:

*Tao lina bonde. Usilipige pasi. Mwulize kwanza mwenye wimbo.*